Mnunuzi Asifanywe Mwizi

Ukinunua santuri, nani atakuhesabia mara za kuipiga? Mwaka 2008 kampuni ya Electronic Arts ya Marekani iliuza mchezo wa kompyuta uitwao Spore, ikautia kufuli: mnunuzi aliruhusiwa kuuingiza katika kompyuta mara 3 tu. Zikiisha, aiombe kampuni ruhusa. Wanunuzi walipolalamika, zikafanywa 5. Kumbe nakala za wizi, zilizokwisha kuvunjwa kufuli, zilienea hata kabla ya siku ya mauzo! Basi kufuli lilimbana nani, kama si aliyelipa? Watunzi walinde jasho lao, siwapingi. Lakini kilichouzwa ni mali ya mnunuzi. Kama kinakodishwa tu, muuzaji aseme wazi kabla ya kupokea fedha.