Usiniambie Ninunue Laini ya Kenya

Kila anayelalamikia gharama za simu akiwa nje ya nchi hupewa jibu lilelile: ukifika huko, nunua laini ya huko. Anayelitoa hujiona mjanja, tena kakusaidia. Mimi nimelichoka. Ushauri huo unamfaa mtu anayekwenda kupiga picha Mombasa Ijumaa na kurudi Jumatatu. Kwa dalali wa machungwa ya Muheza anayevukia Horohoro na lori zima, au kwa mama anayepeleka vitunguu vya Mang'ola sokoni Nairobi kupitia Namanga, ni kama kumwambia afunge duka siku ya gulio.

Namba ya simu leo ni nini? Pesa ya mzigo huingia humo, nauli na ujira wa wapakuaji hutoka humo. Mnunuzi wa Kongowea hamjui dalali kwa anuani nyingine. Benki ikitaka kuhakikisha kwamba ni wewe, ujumbe wa uthibitisho huja kwenye namba hiyo, si kwenye laini uliyosajili jana kibandani mpakani. Na serikali yenyewe ndiyo iliyoifunga namba hiyo kwenye vidole vyetu. Tunazikumbuka foleni za NIDA za mwishoni mwa 2019, na tunaikumbuka 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Tuliambiwa namba ni utambulisho wa mtu. Haya, tukakubali, tukapanga foleni. Mbona utambulisho huo ukivuka geti la Namanga unageuka kuwa anasa?

"Simu yako si ina matundu mawili?" Ina. Na yote mawili yana wapangaji, maana Mtanzania wa kawaida ana mtandao wa bando na mtandao wa pesa. Ukichomoa mmoja, ule uliobaki bado uko ugenini, na ugenini mteja akikupigia wewe uliyepigiwa ndiye unayekatwa salio. Ukiwa hukuomba rominga, yaani huduma ya kutumia laini yako nje ya nchi, iwashwe kabla ya kuondoka, hata menyu ya pesa haifunguki, na mtaji wako wote umo humo ndani. Kuhusu zile laini zisizo na kadi ambazo wasafiri wa ndege wanazisifia siku hizi, nendeni mkazitafute kwenye kitochi cha dereva wa fuso.

Tuulize basi gharama hiyo inatoka wapi, kwa sababu hapo ndipo tunapochezewa. Ukivuka mpaka, mtandao wa Kenya huuliza mtandao wako wa Tanzania kama unakutambua. Ukijibiwa ndiyo, unahudumiwa, na baadaye kampuni ya Kenya huipelekea ya Tanzania ankara. Bei iliyoandikwa kwenye ankara hiyo ni bei ya jumla ambayo kampuni hizo zimekubaliana zenyewe, mimi na wewe tukiwa hatupo. Mnara ni uleule unaomhudumia Mkenya aliyesimama kando yako. Data yako kwa kawaida hurudishwa kwanza nyumbani ndipo itoke kwenda kwenye intaneti, na kazi hiyo ina gharama, sikatai. Lakini mkongo wa taifa umeshaungana na Kenya miaka mingi. Hiyo si safari ya kumfilisi mtu. Tena wakati mwingine anayedai na anayedaiwa ni jamaa wa ukoo mmoja. Airtel iko Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo. Vodacom ilinunua asilimia 35 ya Safaricom mwaka 2017. Ndugu wanaandikiana ankara, na mlipaji ni mama wa vitunguu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jambo hili liliwahi kufanyika, tena hapa kwetu. Septemba 2006 Celtel, kampuni aliyoianzisha Msudani Mo Ibrahim, iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja alivuka mpaka akapiga simu kwa bei ya wenyeji, akapokea bure, akanunua vocha ya nchi aliyomo na kuikwangulia kwenye laini yake ya nyumbani. Ulaya wakati huo walikuwa bado wanaumizana kwa bei za rominga. Kanuni yao ya kwanza ya kuweka ukomo ilikuja mwaka uliofuata, 2007.

Halafu 2014 nchi za Ukanda wa Kaskazini, yaani Kenya, Uganda na Rwanda, na Sudan Kusini ikaungana nao, zikaanzisha eneo moja la mtandao. Kupokea simu bure. Kupiga, ukomo ni senti 10 za dola kwa dakika. Ili hilo liwezekane, ilibidi kwanza serikali zenyewe ziondoe tozo zao kwenye simu zinazotoka kwa wenzao. Watu wakaanza kupigiana. Tanzania haikuwamo kwenye mpango ule, na Burundi pia. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, mwendo wa kama saa mbili tu kutoka Namanga, na bado sisi wenye nyumba tulibaki kuchungulia dirishani. Hata waliokuwamo walianza na sauti, wakati msafiri wa leo anaishi kwenye data.

Nitaambiwa kampuni zina vifurushi vya rominga sasa, na vingine si vibaya. Kweli, vipo. Ila kifurushi ni hisani: kinaletwa na tangazo la rangi nzuri na kuondolewa na ujumbe mfupi usiku. Waulizeni Waingereza. Umoja wa Ulaya ulifuta gharama za ziada za rominga tarehe 15 Juni 2017, na Uingereza ilikuwa bado mwanachama. Ilipojitoa, sheria ile ikaacha kuwalinda wateja wake. Kampuni kubwa zikawatuliza kwamba hazina mpango wa kurudisha gharama. Kufikia 2022 EE, Vodafone na Three zilikuwa zimezirudisha kwa wateja wapya; EE ilitaka pauni 2 kwa siku. Ng'ambo ya mlango wa bahari, Wafaransa na Wajerumani waliendelea kupiga simu kwa bei ya nyumbani, kwa kuwa kanuni yao imeongezewa muda hadi 2032 na haisubiri moyo mwema wa mtu.

Na tazameni watu wa Umoja wa Ulaya walikoikaba bei. Hawakuishia kwenye bei ya dukani. Walishika ile ankara ya kampuni kwa kampuni. Ukomo wa bei ya jumla ya gigabaiti moja ulikuwa euro 2 mwaka 2022, ukapangiwa kushuka mwaka hadi mwaka mpaka euro 1 mwaka 2027. Hapo kampuni haiwezi kukwambia "wenzetu wanatutoza sana". Hofu kwamba watu watanunua laini za nchi ya bei nafuu na kuzitumia maisha yao yote nchini mwao ilipata dawa pia: kampuni inaruhusiwa kuangalia matumizi ya miezi minne, na mtu akionekana anaishi nje zaidi kuliko nyumbani, anaonywa, kisha anatozwa kiasi. Kwa hiyo wataalamu wetu wasituletee hofu hiyo kana kwamba imegunduliwa jana pale Bagamoyo.

Sisi tuna Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 1 Julai 2010. Bidhaa, watu, huduma na mitaji vipite. Tumeipokea Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, tumezidi kuwa wengi, na kila mwanachama mpya anakuja na mpaka mpya wa kukata salio. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zinaandaa pamoja mashindano ya AFCON. Shabiki ataangalia mechi Dar es Salaam, apande basi kwenda Nairobi, na njiani atafute kibanda cha kusajili laini, pasipoti mkononi, huku tiketi yake na pesa zake ziko kwenye namba iliyozimika.

Ninachodai kinaandikika kwenye ukurasa mmoja: ukomo wa bei ya jumla kwa nchi zote za Jumuiya, data ikiwemo, kupokea simu bure, menyu ya pesa ifunguke bila kuomba ruhusa ya rominga, na tozo za serikali kwenye simu za majirani zife. Wadhibiti wa mawasiliano, TCRA yetu na wenzao wa Nairobi, Kampala na Kigali, hukutana mara kwa mara, kwa hiyo nina pendekezo dogo la utaratibu. Kikao kijacho kifanyike Kampala. Kila mgeni aingie na laini yake ya kulipia kabla, salio alilonunua kwa pesa yake, Waifai ya hoteli izimwe, na asiruhusiwe kutoka ukumbini mpaka awe ametuma nyumbani pesa ya mboga.