Nakala ya pili iko wapi?

Kila mwaka wanafunzi wangu wa uzamili hurejea kutoka nyanjani wakiwa na hazina isiyokadirika thamani: saa nyingi za sauti za wazee wakizungumza lugha ambazo wajukuu wao hawazisemi tena. Kabla sijaketi kusikiliza walichokileta, huwauliza swali moja: nakala ya pili iko wapi? Aghalabu jibu huwa kwamba iko katika mkoba ule ule wa kipakatalishi. Mwizi akiuchukua mkoba huo, basi, ameondoka na nakala zote mbili, na baadhi ya wazee waliorekodiwa hawapo tena duniani kurudia maneno yao.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Picha za harusi, hatimiliki ya shamba iliyoskaniwa, vyeti vya watoto, sauti ya marehemu mama iliyosalia katika simu. Yote hayo siku hizi hukaa ndani ya kijisanduku kinachotoshea mfukoni, nacho kijisanduku hicho hununuliwa kwa haraka kuliko tununuavyo viatu.

Mnunuzi huuliza maswali mawili: diski inabeba kiasi gani, na imetengenezwa na nani? Ni maswali mazuri, lakini hayafiki penye kiini. Ukubwa si tatizo tena. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa juu bila kubanwa huchukua takriban gigabaiti moja, hivi kwamba diski ya terabaiti moja itameza saa 500 za masimulizi na bado ibakize nafasi. (Asishangae mtu kuona terabaiti yake ikisomeka 931 katika kompyuta. Hakupunjwa. Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 ilhali Windows huhesabu kwa 1,024. Neno moja kubeba maana mbili ni mkasa ambao sisi wanaisimu tumeuzoea.)

Swali la aina ya diski lina uzito zaidi. Ile ya zamani ina visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Bei yake ni nafuu kwa ukubwa wake, ila ikianguka sakafuni huku inafanya kazi, huenda ndio mwisho wake. Ile mpya haina kinachozunguka, ni nyepesi, na haiogopi matatu wala barabara mbovu. Hata hivyo, hiyo mpya hushikilia yaliyomo kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo yaweza kuvuja polepole diski ikiachwa miaka bila kuunganishwa, hasa iliyochakaa na kuwekwa penye joto. Mimi hutembea na mpya, na kabatini huweka ile ya visahani. Ama zile flashi za bei ya kutupa zinazouzwa vichochoroni, zipo zilizotengenezwa kuihadaa kompyuta kwamba zina nafasi kubwa zisiyokuwa nayo. Ukivuka kiwango chake halisi, unachoandika humo kinapotea bila onyo.

Hata ukichagua kwa busara ya Luqman, diski yoyote itakufa. Dhamana ya dukani hukupa diski mpya. Sauti ya mama hairudishi. Tena hapa kwetu kuna umeme unaokatika ghafla. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipotumbukia gizani, aliyekuwa akinakili faili zake bila betri alikuwa hatarini kuziharibu. Ndiyo maana mpigapicha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja kati yake ikae nje ya nyumba. Kwa maoni yangu, sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito, nayo ndiyo tunayoipuuza. Heri diski mbili za kawaida katika nyumba mbili kuliko moja ya kifahari.

Historia ya fasihi yetu yenyewe inalithibitisha hili. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mnamo 1840. Tungo zake hatungekuwa nazo kwa wingi tulio nao lau Mwalimu Sikujua hangezikusanya na kuzinakili, na lau karatasi zilizopitia mikononi mwa mishonari W. E. Taylor hazingehifadhiwa London, hadi William Hichens akaichapisha Diwani ya Muyaka mnamo 1940. Nina kinyongo changu kuhusu urithi wa Mombasa kulazimika kuvuka bahari, lakini siwezi kukana kwamba nakala iliyokaa mbali ilituokoa.

Vijana wataniambia kwamba wingu limemaliza mjadala huu. Sikatai, liwe nakala ya tatu. Hata hivyo, wingu ni nyumba ya kupanga. Mnamo 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Marehemu hafungui akaunti yake.

Jambo la siri nalo lisisahauliwe, kwa kuwa diski inayolala kwa watu haifai kusomwa na kila mpita njia. Zipo programu, kama VeraCrypt isiyolipishwa, zinazogeuza yaliyomo kuwa fumbo. Nywila iandikwe karatasini na kukabidhiwa mtu wa kuaminika, maana asiye nayo hasomi kitu, awe mwizi au mrithi.

Diski yangu ya pili iko Voi kwa dada yangu, ndani ya kopo la biskuti lisilopenya unyevu. Tukikutana Aprili na Disemba humletea nyingine yenye mapya, naye hunirudishia ile ya awali, nami huifungua usiku huo huo nione kama bado inasomeka.