Friji kwanza, ngonjera baadaye!

JULAI 24, 2021 ndege ilitua Dar es Salaam na dozi 1,058,400 za chanjo ya UVIKO-19 aina ya Janssen, msaada wa Marekani kupitia mpango wa COVAX. Vigogo walikuwepo. Kamera zilikuwepo. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Ikulu.

Hatuna ugomvi na hilo. Januari mwaka huo huo mtangulizi wake, John Magufuli, alikuwa akiwaambia Watanzania kuwa chanjo hizo hazifai. Kugeuza msimamo ule kulihitaji ujasiri.

Swali letu ni hili: kutoka uwanja wa ndege hadi kwenye bega la kijana wa Bunda, chanjo inapita wapi, na usiku inalala wapi?

Chanjo si mahindi ya kutupwa ghalani. Janssen ilitakiwa kukaa kwenye friji la nyuzi 2 hadi 8. Pfizer, iliyokuja baadaye, ilitakiwa kugandishwa kwa nyuzi 60 au zaidi chini ya sifuri, na ikishatolewa huko iliruhusiwa mwezi mmoja tu kwenye friji la kawaida. Kutoka Dar es Salaam hadi bohari ya mkoa Musoma ni zaidi ya kilometa 1,000. Kutoka hapo ziende wilayani Bunda na Butiama, kisha zahanati, kisha kwa mvuvi wa kisiwa cha Rukuba na mchimbaji wa Buhemba. Baridi ikikatika mahali pamoja tu, safari nzima ni bure.

Na ubaya wa chanjo iliyopigwa joto ni kwamba huwezi kuijua kwa macho. Haitoi harufu kama samaki aliyechina. Vichupa vingi vya chanjo za watoto vina alama inayobadilika rangi vikipata joto. Chanjo nyingi za mwanzo za UVIKO-19 zilikuja bila alama hiyo. Kinga pekee ya mwananchi ikabaki kipimajoto cha friji na uaminifu wa anayekisoma.

Kijana, usidhani haya ni ya akina mama na kadi za kliniki. Kichupa kimoja cha Janssen kilikuwa cha watu watano, na kikishafunguliwa kilikuwa na saa sita tu. Mmefika wawili. Muuguzi afungue, dozi tatu zimwagwe? Au awaambie mrudi kesho? Dereva wa bodaboda aliyeacha kijiwe chake, kesho harudi!

Mwanzoni vilitangazwa vituo 550 tu kwa nchi nzima. Ni pale chanjo ilipoanza kumfuata mtu sokoni, mwaloni na nyumbani ndipo watu walipochanjwa kwa wingi, hata kufikia 2023 zaidi ya nusu ya Watanzania walikuwa wamepata. Kumbe inawezekana!

Asituambie mtu kwamba sisi ni maskini. Kongo, kati ya 2018 na 2020, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa dhidi ya Ebola. Chanjo ile hukaa nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Ilifikishwa Beni na Butembo, risasi zikilia, ndani ya makasha maalumu yanayotunza baridi kwa siku kadhaa bila umeme. Beni iweze, Butiama ishindwe?

Serikali inajivunia nguzo za umeme vijijini. Sawa. Lakini nguzo si friji, na umeme ukikatika usiku, chanjo haisubiri fundi.

Ugonjwa mwingine hautapiga hodi. Marburg iliingia Kagera, ng'ambo ya ziwa letu, mwaka 2023 na ikarudi 2025. Machi 2025 homa ya nyani ikathibitishwa nchini. Chanjo mpya zitakuja, na kila moja itakuja na masharti yake ya baridi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Moja, kila zahanati ya Musoma, Bunda na Butiama iwe na friji la chanjo lenye umeme wa jua wa akiba. Mbili, mafuta ya gari na boti ya kusambazia chanjo yatengwe kwenye bajeti ya halmashauri na yasiguswe kwa safari za wakubwa. Tatu, kila mwezi ubao wa matangazo wa zahanati uonyeshe dozi zilizoingia, zilizotumika na zilizoharibika.

Mwalimu Nyerere, aliyelala Butiama, alitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Adui maradhi hapigwi kwa picha za uwanja wa ndege.

Diwani wako akija kuomba kura, usimuulize ndege ilileta ngapi. Mwambie akuonyeshe friji!