Si Nguvu ya Sumaku, Ni Mpangilio

Wasee, acheni kununua sumaku kubwa. Nimechoka. Kila nikiona mtu anataka kujiundia kipima-tetemeko nyumbani, swali la kwanza ni lile lile: "Sumaku kali zaidi nitatoa wapi?" Hilo swali ni bovu, na linamaliza pesa za watu ambao hata nauli wanahesabu.

Rudi kwa ile fizikia tulikariri shule. Faraday hakusema umeme unatoka kwa sumaku kukaa karibu na waya. Unatoka kwa mabadiliko. Sasa chukua koili, iweke yote katikati ya sumaku moja pana, ambapo uga ni sawa kila mahali. Isogeze kushoto, kulia. Unapata nini? Sufuri. Upande mmoja wa koili unasukuma umeme huku, upande wa pili unausukuma kule kwa nguvu ile ile, vinauana. Ongeza sumaku ya bei gani sijui, bado ni sufuri.

Dawa ni sumaku nne ndogo. Mbili juu, mbili chini, na koili bapa inapita katikati bila kugusa. Jozi ya kwanza, uga uelekee chini. Jozi ya pili, igeuze, uga uelekee juu. Mguu mmoja wa koili ukae kwa jozi ya kwanza, mguu wa pili kwa ile nyingine. Koili ikisogea kutoka jozi moja kuelekea nyingine, pande zote mbili zinasaidiana badala ya kupigana. Nyuma ya sumaku weka vipande vya chuma ili uga usipotelee hewani. Sumaku zikae kwa msingi, koili ndiyo ibembee na mkono. Ukifunga sumaku kwa mkono, kila chuma kilicho karibu kitauvuta.

Na hizo sumaku ziko bure mtaani. Omba fundi wa kompyuta diski kuu iliyokufa, uifungue. Ule mkono wa kusoma data una koili bapa, na sumaku yake ina uso nusu kaskazini, nusu kusini, na bamba la chuma mgongoni. Ni mpangilio ule ule! Kitu kinatupwa na jibu likiwa ndani.

Usisahau breki. Bila breki mkono utabembea wenyewe muda mrefu baada ya ardhi kutulia, na utajidanganya ati tetemeko bado linaendelea. Weka kipande cha shaba au alumini kwa mkono, kipite katikati ya sumaku zingine. Kikisogea, umeme unazunguka ndani yake na kupinga ule msogeo. Hiyo ni Lenz, ile ulijibu ya alama mbili ukasahau.

Najua kuna mmoja atasema, "Si ununue tu geofoni?" Sawa, nunua. Lakini ndani yake ni nini? Sumaku na koili. Na nyingi zimetengenezwa kusikia mitikisiko ya haraka, kama hezi 4.5 kwenda juu. Mawimbi ya polepole ya tetemeko la mbali yanataka mkono unaobembea kama lango, wenye mzunguko wa sekunde 15 hadi 20. Watu wamekuwa wakiunda aina hiyo gereji zao tangu jarida la Scientific American lichapishe muundo wa Lehman mwaka wa 1979.

Ati Kenya haina matetemeko? Tarehe 6 Januari 1928, Subukia ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.9. Julai 2007, mitikisiko kutoka kaskazini mwa Tanzania ilitoa watu mbio kwenye majengo ya Nairobi. Tunaishi juu ya Bonde la Ufa, bana, na wengi wetu tunalijua tu kama mahali pa kupiga picha.

Kipima-tetemeko chako hakitatabiri chochote. Hakuna kinachotabiri, na anayekuambia kinatabiri anakuuzia hewa. Lakini kitakuonyesha ardhi yako ikisogea, kwa waya na sumaku ulizopanga wewe. Mimi nasema hiyo inashinda kukariri kanuni miaka minne bila kuiona ikifanya kazi hata mara moja. Kwa hivyo kabla uulize sumaku ni ya nguvu gani, chora kwanza uga unaelekea wapi.