Treni ya Mtoto na Simu ya Mama



Juma hili tunaongea juu ya kitu ambacho wengine watasema ni cha wazungu tu: treni za kuchezea. Lakini Noeli inakaribia. Ndugu zetu walio Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani wameanza kuuliza kwa WhatsApp, "Watoto wanataka nini mwaka huu?" Na watoto, hata wale ambao hawajaona treni ya kweli kwa macho yao, wanajibu: treni. Kule Lubumbashi, ambako reli ilifika mwaka 1910, ao Kamina, Kalemie na Kindu, jibu hilo halishangazi mtu. Huko watoto wanafunga mikebe ya sardini kwa waya, mmoja nyuma ya mwingine, wanaivuta kwa kamba na kupiga honi kwa midomo.

Treni zinazotoka Ulaya leo hazivutwi kwa kamba. Zinaongozwa kwa njia mbili: kwa telekomande ya kushika mkononi, ao kwa aplikasioni inayowekwa ndani ya simu. Na hapo ndipo neno linatuhusu sisi, kwa sababu katika nyumba nyingi simu hiyo ni ya mama.

Tuseme wazi tunaegemea upande gani. Kama mtoto ana chini ya miaka 10, mwombeeni treni yenye telekomande. Aplikasioni ikiwemo pia, sawa, lakini isiwe njia ya peke yake.

Zamani treni hizi hazikuwa na kimoja wala kingine. Kulikuwa na kisanduku chenye kifungo cha kuzungusha, kimeungwa na reli kwa nyaya mbili. Ukizungusha, umeme unaongezeka relini, treni inakimbia, ukirudisha, inasimama. Baadaye zikaja telekomande za mwanga usioonekana, kama ile ya televizyo. Zilikuwa na shida moja: ni lazima telekomande itazame treni. Treni ikiingia chini ya kitanda, amri haifiki, na mtoto anaingia chini ya kitanda kuifuata. Leo nyingi zinatumia Bluetooth, ambayo haisumbuliwi na mto wala mguu wa mesa, na inafika karibu metre 10.

LEGO waligeuza treni zao kuwa za Bluetooth mwaka 2018. Ndani ya boksi la treni ya abiria ya mwaka huo kulikuwa na telekomande ndogo: kila upande kifungo cha kuongeza mwendo, cha kupunguza, na kimoja chekundu katikati cha kusimamisha. Treni hiyohiyo inakubali pia kuongozwa kwa simu. Lionel wa Marekani, wanaotengeneza treni tangu mwaka 1900, wanafanya namna hiyo na zile wanazoziita LionChief: telekomande iko ndani ya boksi, na zile mpya zinasikia simu vilevile. Roco wa Austria walikuja na mashini yao Z21 mwaka 2012, iliyofanywa ili treni iongozwe kwa simu na tablete. Lakini Roco haohao wanauza pia kitu cha kushika mkononi, WLANmaus, chenye kifungo kikubwa cha kuzungusha. Kama simu ingetosha, nani angenunua hicho?

Sababu ni vidole. Kifungo unakijua kwa kukigusa. Sisi wamama tunakata sombe huku tunaongea na jirani, macho yako kwake na vidole vinajua njia. Mtoto mwenye telekomande naye anatazama treni, si mkono wake. Anaona inakaribia kona, kidole kinapunguza mwendo, treni inapita bila kuanguka. Kioo cha simu ni laini pote, hakuna fasi ambayo kidole kinaweza kuitambua. Ni lazima atazame kioo ili ajue anagusa nini, na wakati anatazama kioo treni imekwisha kuruka reli. Anainua, anaweka, anarudi kwenye kioo. Mwisho anatazama kioo tu, na treni inazunguka peke yake kule pembeni kama kitu cha mtu mwingine. Sisi tunaona hasara kubwa ya aplikasioni ni hiyo. Tulimpa mtoto kitu cha chuma na plastiki ili atoke kwenye simu, na kumbe kile kitu ndicho kinamrudisha.

Koko naye akumbukwe. Koko asiyesoma maandishi madogo ya simu anaweza kushika telekomande na kucheza na mjukuu. Mpe aplikasioni, atasema "fanyeni nyinyi", na ataondoka.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe. Mama mmoja wa likelemba yetu anauza ndagala. Shemeji yake alimtumia mtoto treni nzuri kutoka Ulaya, inayoongozwa kwa aplikasioni tu. Kila jioni mtoto wa miaka 7 anadai simu. Siku moja mtu anayemletea mzigo kutoka Uvira alipiga mara tatu, na mara tatu mtoto alikata, maana treni ilikuwa juu ya daraja. Tulicheka aliposimulia. Lakini mzigo ule ulikwenda kwa mwingine, na juma zima yeye alikaa sokoni na beseni tupu. Tangu hapo treni iko juu ya kabati, na mtoto anaitazama kutoka chini. Huyu hakukosa adabu, wala mama si mkali. Kazi ya mama na mchezo wa mtoto viliwekwa ndani ya kitu kimoja, na vyote viwili haviwezi kutumika saa ileile.

Simu hiyo ndiyo pia mfuko wetu. M-Pesa iko humo, Airtel Money, Orange Money, namba za wateja, picha za deni. Mtoto anayezoea kuichukua kila jioni atajifunza mengi ambayo hayahusu treni. Kama ni lazima aitumie, badilisha namba ya siri aliyokwisha kuiona, na usiiandike nyuma ya kava.

Wamama wengi wanaogopa mega. Hapo tuwatulize. Mega zinakwenda wakati wa kupakua aplikasioni, na wakati inapofanywa upya. Treni ikisikia simu kwa Bluetooth, mchezo wenyewe kwa kawaida hauli mega. Inakula moto wa betri ya simu, na siku umeme haupo mtaani hilo si neno dogo. Kama unalipa franga kwa kijana wa kuchaji, hesabu hiyo nayo ni bei ya treni.

Kitu kingine kinachotisha: aplikasioni inaomba kujua mahali ulipo. "Treni inataka kujua nyumba yetu ya nini?" Simu za Android kuanzia namba 6 hadi 11 zilifanywa hivyo: aplikasioni yoyote inayotafuta kitu cha Bluetooth ilipaswa kuomba ruhusa ya mahali. Kuanzia Android 12, iliyotoka mwaka 2021, simu inaomba ruhusa ya kutafuta vifaa vilivyo karibu, kitu kinachoeleweka zaidi. Kwa hiyo ombi hilo si lazima liwe la mwizi. Lakini aplikasioni ya treni ikiomba kusoma majina yote uliyohifadhi ao ujumbe wako, ikatalie. Na upakue ile tu iliyoandikwa kwenye boksi, kutoka duka la simu yenyewe. Usipokee ile jirani anayokutumia kwa Bluetooth.

Liko jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Telekomande inadumu kama vifungo vyake vinadumu. Aplikasioni inadumu kama watu wanaoitengeneza wanaendelea na kazi, kwa sababu Android inageuka kila mwaka na aplikasioni ni lazima igeuke nayo. Huko San Francisco kulikuwa na kampuni jina lake Anki, ikiuza magari madogo ya mashindano yaliyoongozwa kwa simu peke yake. Mwaka 2019 ilifunga. Magari ndani ya nyumba za watu yalikuwa mazima, lakini wenye kuitunza aplikasioni walikuwa wamepoteza kazi. Kampuni nyingine ilinunua mali hiyo baadaye, lakini fikiri wazazi walivyokaa miezi ile. Na sisi ambao vitu vinatufikia vimepita mikono miwili, mitatu? Treni kuukuu yenye telekomande yake ni treni. Treni kuukuu inayotaka aplikasioni isiyokuwapo tena ni tofali la kupendeza.

Hatusemi simu haina faida. Mtoto wa miaka 11 ao 12 akichoka na kwenda mbele na kurudi nyuma, aplikasioni inaweza kumfungulia mlango. Ile ya LEGO inamruhusu kupanga amri moja baada ya nyingine: nenda, hesabu mpaka tano, piga honi, simama, rudi. Hiyo ni hesabu na akili ya mashini, na anaijifunza bila kuambiwa kwamba ni somo. Hapo sisi tungempa simu, kwa saa iliyokubaliwa, afazali simu kuukuu isiyo na laini. Na tafazali, binti naye akae kwenye zamu hiyo. Tumeona nyumba ambamo treni inakuja kwa jina la "watoto", na kabla ya jioni imekuwa ya kaka, na dada yuko jikoni.

Kwa mtoto mdogo kabisa, wa miaka miwili ao mitatu, hata telekomande si lazima. Ziko treni kubwa za DUPLO ambazo mtoto anazisukuma kidogo zinaondoka, akizishika zinasimama, na vipande vya rangi anavyoviweka relini vinaiambia treni ipige honi ao igeuke. Kichwa cha treni ndicho telekomande. Tunazipenda sana hizo.

Telekomande nayo ina taabu yake, na taabu hiyo ni mawe, yaani betri kavu kama zile za tochi. Ile treni ya LEGO tuliyoitaja inataka mawe madogo 6 ndani ya treni na 4 ndani ya telekomande. Jumla 10! Mawe ya bei ndogo ya barabarani yanakwisha upesi na kumwaga maji yanayokula chuma. Mwombeni ndugu atume ya kuchajiwa pamoja na chaja yake. Na mchezo ukikwisha, mawe ya telekomande yatoke ikiwa haitashikwa juma zima.

Lakini hapa tunaomba kila mama asome polepole. Telekomande nyingine ndogo, hasa za vichezeo vya bei ndogo, zinatumia betri ya duara, bapa, inayong'aa kama kifungo cha koti. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu, hata kama betri hiyo imekwisha nguvu na mtoto analia kidogo tu. Usingoje uone kama itatoka. Usimtapishe. Beba mtoto hospitali saa ileile, na sema wazi: "Amemeza betri." Kama unayo boksi ao telekomande, ichukue waione. Na kabla ya hayo yote, tazama mlango wa betri nyuma ya telekomande: kama hauna parafujo, unafunguka kwa kucha tu, hicho si kitu cha nyumba yenye mtoto anayetambaa. Funga kwa skochi nyingi, ao kirudishe kwa aliyekuuzia.

Basi ndugu akiuliza kwa WhatsApp, usimjibu "treni yoyote". Mtumie sauti kama hii: "Shemeji, asante sana. Tafuta ile ambayo telekomande iko ndani ya boksi, si ya simu tu. Uangalie umri ulioandikwa. Betri ziwe za kawaida za vidole, si zile za duara, na utie za kuchajiwa. Kama unanunua iliyotumika, ijaribu kwanza huko huko kabla ya kuifunga."

Aliye Marekani ao Kanada mwongezee neno moja. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, kwetu ni 220. Treni ya reli za umeme inayokuja na kisanduku chake cha huko, ukikichomeka ukutani kwetu kinaweza kuungua siku ya kwanza, mbele ya watoto wote. Asome nyuma ya kisanduku. Kama kimeandikwa 100-240V, hakuna shida. Kama kimeandikwa 120V tu, kibaki huko, na atafute treni ya mawe.