Utulivu tunaouagiza nje

Ingia kwenye mgahawa wenye hadhi kidogo mjini Bariadi, utapokewa na piano ya taratibu juu ya mvua ya kurekodiwa: zile albamu zisizo na maneno zinazouzwa duniani kama dawa ya usingizi. Sina ugomvi nazo. Ubaya wake ni kwamba zote zinafanana. Sisi Wasukuma tumezoea kusifiwa kwa kishindo, vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana ngoma baada ya mavuno hadi vumbi lifunike watazamaji. Lakini Usukumani kuna pia ndono, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu. Mpigaji huugonga uzi kwa kijiti chembamba, huku akikibana kibuyu kifuani na kukiachia, sauti ikinenepa na kukonda. Ni muziki wa mtu mmoja, hauhitaji hata jukwaa. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ala za namna hii, na hazina yake imehifadhiwa Afrika Kusini, mbali na Usukumani. Wagogo walitutangulia katika kuurekodi utulivu wa nyumbani: mwanamuziki wao Hukwe Zawose alitoa albamu ya Assembly mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kufariki, pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada anayejulikana kwa muziki wa utulivu. Studio za Mwanza, badala ya kuongeza biti nyingine, zimkalishe mzee mmoja wa ndono mbele ya maikrofoni kwa saa nzima, bila kinanda. Mimi nitanunua nakala mbili, moja ya mgahawa ule.