Filamu ya jua kali: acheni kungoja tarakilishi kubwa

Leo naomba niweke kando mambo ya kuandika programu nizungumze kidogo juu ya filamu. Msiwe na wasiwasi, tarakilishi itarudi kabla hatujaagana.

Mwaka jana rafiki yangu mmoja alikuwa akitengeneza filamu fupi kwa pesa za mfukoni mwake. Alitaka tukio moja kubwa: daraja la mbao likisombwa na mafuriko. Nikajigamba, "Hiyo niachie mimi, nitakutengenezea kwenye tarakilishi." Si nimesomea sayansi ya tarakilishi bwana?

Sasa sikieni hesabu. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, kwa hivyo sekunde 5 ni picha 120. Mashine yangu ilichukua kama dakika 40 kuchora picha moja ya maji yale. Hayo ni masaa 80, na stima ikipotea katikati unaanza kutafuta ulikofikia. Baada ya wiki tatu za kurekebisha na kurudia, maji yangu yalifanana na uji. Rafiki yangu hakusema kitu. Aliangalia tu kioo, kisha akaniangalia mimi.

Aliyetuokoa ni fundi mbao wa mtaani kwetu. Alitutengenezea daraja dogo la vijiti, tukaliweka kwenye mtaro, tukamwaga ndoo za maji. Na hapa ndipo nilipogundua kwamba sayansi niliyoihitaji ilikuwa ya kidato cha pili. Kitu kidogo huanguka upesi mno, na jicho hukitambua mara moja. Dawa yake ni kupiga picha kwa kasi zaidi, halafu uionyeshe kwa kasi ya kawaida. Kiasi gani? Chukua kipeuo cha pili cha upunguzaji wako. Daraja la mita 10 tulilifanya sentimita 40, yaani mara 25 dogo zaidi. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Mara 24 unapata picha 120 kwa sekunde, na simu nyingi za siku hizi zinaweza hiyo bila jasho.

Haikukubali mara ya kwanza. Tone la maji halijui kwamba wewe umepunguza daraja. Tone la milimita 4 kando ya daraja letu lilionekana kama chungwa linaloruka. Tukachanganya maji na udongo, tukayamwaga yakiwa yametulia zaidi ili yasirushe matone, tukasogeza kamera chini. Jaribio la sita likakubali. Mchana mmoja, si wiki tatu.

Tangu siku hiyo nina maoni ambayo huenda yakawaudhi wenzangu wa fani hii: kijana mwenye bajeti ndogo na ndoto kubwa aanze na mikono, tarakilishi ije mwisho. Kitu halisi mbele ya kamera kinakuja na mwanga wake, kivuli chake na uzito wake. Hivyo vyote ni bure. Mimi kwenye tarakilishi navitengeneza kimoja kimoja, na nikikosea kimoja mtazamaji anajua, hata kama hawezi kueleza amejuaje.

Wala si jambo geni. Peter Jackson, kabla dunia haijamjua, alitengeneza Bad Taste huko New Zealand kwa kama miaka 4, hasa siku za wikendi, na ikatoka mwaka 1987. Vinyago vya wageni wake wa anga alivioka kwenye oveni ya mama yake. Pesa za serikali zilikuja baadaye, wakati kazi ilikwisha kuonekana.

Na karibu nasi hapa Kampala, mtaa wa Wakaliga, kuna Nabwana I.G.G., aliyewahi kufyatua matofali. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasemekana iligharimu dola 200 hivi. Tarakilishi yake aliiunganisha mwenyewe kutoka vipuri vikuukuu. Damu ya waliopigwa risasi ilitoka kwenye kondomu zilizojazwa rangi, bunduki zilikuwa za kuundwa na mafundi, na miale ya risasi ikaongezwa kwa tarakilishi. Mwaka 2015 aliomba dola 160 kwenye mtandao ili atengeneze filamu nyingine, akachangiwa zaidi ya 13,000. Hebu tazameni mgao huo wa kazi. Kinachoguswa kimefanywa kwa mikono, na kinachoua kimeachiwa tarakilishi.

Huo ndio mstari ambao ningeuchora. Oktoba 2021, New Mexico huko Marekani, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa kwa risasi ya kweli iliyotoka kwenye bunduki iliyotumika kutengeneza filamu ya Rust, na ile haikuwa filamu ya pesa za mfukoni. Kwa hivyo nikisema tumieni mikono, sisemi mwashe petroli nyuma ya nyumba ya nyanya yenu. Maji, udongo, vijiti, rangi, sawa. Moto na risasi, njooni kwetu wenye tarakilishi, hata tukichelewa.

Mambo mawili kabla sijatoka. Kwanza, nakala. Nabwana alifuta faili za Captain Alex ili apate nafasi ya filamu iliyofuata, na dunia ilibaki na nakala hafifu. Mtu aliyeundiwa bunduki na mafundi alishindwa na ukosefu wa diski! Diski ya pili inunueni kabla ya taa na kabla ya kofia ya mwelekezi.

Pili, mlipeni fundi. Bajeti ndogo mara nyingi ni jina la heshima la kutolipa watu. Rafiki yangu alimlipa fundi shilingi 1,500 siku ile ile, na mimi sikupata kitu. Nilinung'unika kidogo, lakini nikikumbuka ule uji wangu naona ilikuwa haki.

Kamukunji kuna mafundi wanaogeuza pipa kuu kuu kuwa sanduku unalojivunia bwenini. Mnaniambia hawawezi kuunda chombo cha anga? Labda hakuna aliyewahi kuwauliza. Nendeni mkawaulize.